Kijembe Hakina Mpini

Jioni moja ya msimu wa karafuu nilikuwa nimekaa barazani kwa mke wa ami yangu, hapa Wete. Wanawake sita walikuwa wamelizunguka jamvi wakichambua karafuu, wanatenga punje na makonyo, mikono inakwenda yenyewe na midomo inakwenda pamoja nayo. Mjukuu wa nyumba ile, msichana wa kidato cha pili, alikuwa na kitabu chake cha Kiingereza mapajani. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza katika ukoo, akaniuliza, "Mjomba, neno hili *taunt* kwa Kiswahili ndiyo nini?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu: "Kejeli."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema kejeli ni neno la vitabuni, mtu wa hapa hakejeliwi, hupigwa kijembe. Wa pili akasema inategemea: kama maneno yamefungwa ndani ya wimbo, huo ni mpasho. Wa tatu akaleta masimango, akaeleza kwamba mtu akikukumbusha mbele za watu sahani ya wali aliyokupa mwaka juzi, hapo amekusimanga. Wa nne akasema kuna kusuta, na kusuta si kwa mafumbo: watu hukusanyana wakakufuata mpaka mlangoni kwako, wakakutolea uliyoyasema kinyume, mtaa mzima unasikia. Ikawa kila mmoja na neno lake. Mke wa ami peke yake hakusema kitu, aliendelea kuchambua.

Msichana akayaandika yote. Kisha akauliza, bila ya kuinua macho, "Basi wale skuli wakiniita mimi 'wa gogo', hicho ni kijembe au ni tusi?"

Mikono ikasimama juu ya jamvi. Hakuna aliyemjibu, nami sikumjibu. Jina lile nililijua lilikotoka, kwa sababu mimi ndiye niliyelitoa, mwaka 1996, nikiwa kijana wa miaka 18. Nimeandika insha hii kwa ajili ya swali lake. Lakini ili nimjibu sawasawa imenibidi nirudi nyuma zaidi ya 1996, maana kijembe changu nami nilikirithi.

Nianze na neno lenyewe. Katika Kiingereza, *taunt* linaonekana katika maandishi ya karne ya 16. Wachunguzi wa asili ya maneno wanadhani limetokana na msemo wa Kifaransa, *tant pour tant*, yaani kiasi kwa kiasi, nipe nikupe. Kama dhana hiyo ni sahihi, basi ndani ya neno hilo tangu mwanzo kuna watu wawili: anayesema na anayejibu. Neno letu la kijembe halina watu wawili. Lina chombo. Ni jembe dogo, na pia ni jina la kisu kidogo chenye makali. Jembe la kulimia lina mpini, ukiliona unajua nani amelishika. Hiki cha maneno hakina. Kinakukata, ukigeuka kumtafuta aliyekishika humuoni, na ukiuliza utaulizwa wewe: "Kwani nimemtaja nani?"

Hapo ndipo kijembe kinapoachana na tusi. Aliyetukanwa anaweza kwenda kwa sheha, akasema fulani kanitukana, na mashahidi wapo. Aliyepigwa kijembe akienda kwa sheha itambidi kwanza akiri kwamba maneno yale yanamfaa. Mwanamke aliyevaliwa kanga yenye jina la kumchoma atamwambia nini sheha? Kwamba jirani yake kanunua nguo? Ndiyo maana kijembe kinahitaji mambo matatu ili kifanye kazi: asitajwe mtu, mwenyewe awepo au habari zimfikie, na wawepo watu wa tatu wanaojua. Bila ya hao wa tatu hakuna kijembe. Hao ndio wanaocheka, na kicheko chao ndicho kinachouma.

Pwani yetu imeifanya kazi hii kwa muda mrefu, tena kwa ustadi. Mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya vita vya Shela, ambavyo watunzi wenyewe walivijua kuwa vita vya Kuduhu, Lamu na Mombasa zilirushiana mashairi kabla ya kurushiana risasi. Upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji, na upande wa Lamu Bwana Zahidi Mngumi. Kila shairi lilivuka bahari, likasomwa, likajibiwa kwa vina vyake. Majibizano hayo yalikusanywa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika kitabu kilichotoka mwaka 1995, na mashairi ya Muyaka tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyahifadhi pamoja na mmisionari W. E. Taylor. Mombasa na Pate zilishindwa pale Shela. Lamu ikaomba himaya ya Sayyid Said wa Oman, na kutoka hapo mkono wa Oman ukarefuka pwani nzima. Pemba, iliyokuwa ikiilisha Mombasa mpunga chini ya Mazrui, ilinyang'anywa mikononi mwao mwaka 1823, na Mombasa yenyewe ikaanguka mwaka 1837. Sisemi kwamba mashairi ndiyo yaliyoleta vita. Nasema kwamba watu walikwisha kujuana kwa dharau kabla hawajakutana ufukweni.

Pemba nayo ilikuwa na mafundi wake. Kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichotoka mwaka 2011 chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla, kinawaeleza Kamange na Sarahani, washairi wawili wa kisiwa hiki waliokuwa wakijibizana kwa tungo. Nikiwasomesha wanafunzi habari zao, hawashangai kwamba Wapemba walikuwa washairi. Wanashangaa kwamba mtu aliweza kupigwa kwa shairi, akarudi nyumbani, akakaa, akatunga, akajibu kwa mizani, na urafiki ukabaki.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Uskoti, karibu na mwaka 1500, washairi William Dunbar na Walter Kennedy walitukanana kwa beti katika ufalme wa James wa Nne, na mchezo huo una jina lake katika Kiingereza, *flyting*. Wamarekani weusi wana mchezo wa vijana wa kutajiana mama zao kwa zamu, na anayeghadhibika ndiye aliyeshindwa. Tanganyika wana utani: Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kuambiana maneno ambayo mwengine angepigania, tena hata msibani, kwa sababu kuna kibali kilichotolewa na wazee. Ukiyatazama yote haya unaona kanuni moja. Kuna kiwanja, kuna zamu, na kuna haki ya kujibu. Aliyerusha anajua kwamba litarudi.

Wanawake wa pwani walipata viwanja viwili. Cha kwanza ni kanga. Ilianza mwishoni mwa karne ya 19, na maandishi yakaingia baadaye, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye nguo zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, anatajwa sana katika habari hizo. Mpaka leo dukani hapa Wete mwanamke haulizi bei kabla hajauliza jina. Rangi inaweza kuwa nzuri, lakini kama jina ni "Usisafirie nyota ya mwenzio" anafikiri kwanza atapita nayo mbele ya mlango wa nani. Aliyevaliwa naye anaweza kwenda duka lile lile akatafuta doti ya kumjibu. Nguo hujibiwa kwa nguo.

Kiwanja cha pili ni taarab. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, binti wa watu masikini, na kabla ya kuimba aliuza vyungu vya udongo. Alipopata jina mjini, mahasidi walimtungia wimbo wa kumdharau kwa asili yake na sura yake. Shaaban Robert ameisimulia habari hiyo katika wasifu aliouandika juu yake. Siti hakwenda kwa kadhi. Alijibu kwa wimbo, kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili na mwenendo mwema. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurikodi santuri, na waliomcheka wakabaki wakizisikiliza. Katika miaka ya 1990, mipasho ilipopamba moto Dar es Salaam baina ya TOT na Muungano, baina ya Khadija Kopa na Nasma Khamis, watu walijaa ukumbini kwa hamu ya kusikia jibu la wiki iliyopita. Na ukumbini humo humo mwanamke aliyetaka kumpasha mwenzake alingoja ubeti unaomfaa, akainuka kwenda kumtunza mwimbaji, akapita njia ndefu ili mwenzake amuone.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba vijembe ni uhuni tu, simkubalii. Kilikuwa chombo cha watu wasiokuwa na mahakama. Wake wenza, mawifi, majirani wanaochota maji kisima kimoja, wote hawa hawawezi kupigana kila siku, na kunyamaza kila siku pia hawawezi.

Lakini kuna aina nyengine ya dhihaka, nayo ni ile inayobandikwa. Hii haina zamu.

Pemba inao mfano wa zamani kuliko yote niliyoyataja. Kule Pujini, kusini ya Chake Chake, kuna magofu ya ngome ya karne ya 15. Masimulizi yanasema ilikuwa ya mtawala mkali aliyewabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa matako. Watu wale hawakuwa na la kumfanya. Wakampa jina: Mkama Ndume, mwenye kuwakama wanaume kama ng'ombe. Jina lake alilopewa na wazazi wake halitajwi sana katika vinywa vya watu. Linalotajwa ni lile la dhihaka, na watoto wa skuli wanalisoma mpaka leo. Kwa yule sina huruma, kama aliyafanya yanayosimuliwa. Ninachokitazama ni muda. Ngome imebomoka, jina limesimama.

Na sisi Wapemba tumebandikwa yetu. Methali mbili zinatutaja. Moja inasema Mpemba hakimbii mvua ndogo, nayo tunaipenda, tunaisema wenyewe. Ya pili inasema Mpemba akipata gogo hanyi chini. Maana yake ni kwamba mtu duni akipata kijicho cha bahati huanza kujiona, hataki tena yale aliyoyazoea. Wenzetu wa Unguja na bara waliitumia kututania, na sisi tukaichukua tukaitumia wenyewe kwa wenyewe. Kadiri nijuavyo, hivyo ndivyo dhihaka zinavyokaa muda mrefu: anayedhihakiwa huziokota akamrushia ndugu yake.

Mwaka 1957 ulipofanyika uchaguzi wa mwanzo Zanzibar, lugha hii ya barazani iliingia katika siasa. Wazee wanaziita zama zile "zama za siasa", kama kwamba kabla na baada yake hapakuwa na siasa. Hizbu, Afro-Shirazi, na baadaye ZPPP, kila chama kilikuwa na wasemaji wake na magazeti yake, miongoni mwao *Mwongozi* upande wa Hizbu na *Afrika Kwetu* upande wa Afro-Shirazi. Mwanahistoria Jonathon Glassman aliyasoma magazeti hayo moja moja na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2011, ambacho jina lake linaunganisha vita vya maneno na vita vya mawe. Anaonesha jinsi watu waliokuwa wakisali msikiti mmoja walivyozoezwa kuitana wageni, washenzi, watumwa na wauza watumwa. Maduka yakasusiwa. Mazishi yakasusiwa. Tarehe 1 Juni 1961 uchaguzi ulipofanyika, ghasia zilizuka Unguja na watu 68 wakauawa. Serikali ya Kiingereza ikaunda tume chini ya Foster-Sutton kuchunguza. Miaka miwili na nusu baadaye yakaja Mapinduzi ya Januari 1964.

Tofauti baina ya magazeti yale na Muyaka ilikuwa nini? Ukali wa maneno haukuwa mkubwa zaidi. Muyaka naye alikuwa mkali. Naona tofauti ilikuwa katika haki ya kujibu. Mtu akikuambia wewe si mshairi, utatunga. Akikuambia babu yako hakuzaliwa hapa, au babu yako aliuzwa, utajibu kwa ubeti gani?

Nami niliyajua haya yote? Mwaka 1996 sikuyajua. Nilijua kuchekesha tu.

Uchaguzi wa mwanzo baada ya kurudi kwa vyama vingi ulikuwa Oktoba 1995. Mgombea wa CCM, Salmin Amour, alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa tofauti isiyofika asilimia moja mbele ya Seif Sharif Hamad wa CUF, ambaye ni mzaliwa wa Mtambwe, ng'ambo ya pili ya maji ukisimama bandarini hapa Wete. Majimbo yote 21 ya Pemba yalichukuliwa na CUF. Watu wa hapa hawakuyakubali matokeo ya urais, na hasira ile ilipokosa pa kwenda ikageukia ndani. Mtu wa chama cha pili hakununuliwa samaki wake. Harusi yake haikuendewa. Akifiwa, watu walipita njia nyengine.

Ami yangu alikuwa mtu mpole, fundi wa kusoma na kuandika. Kabla sijaanza skuli yeye ndiye aliyenifunza herufi, kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku la chai. Mapema mwaka 1996 alipata kazi katika idara moja ya serikali, na muda si mrefu akaonekana na kadi ya chama kile kingine. Sijui kipi kilitangulia. Sikumuuliza. Alikuwa na watoto watano, na karafuu mwaka ule hazikuwa na bei.

Jioni moja tulikuwa kijiweni, vijana kama 15, tunacheza bao. Ami akapita na baiskeli mpya. Akatoa salamu. Baadhi wakaitikia, wengine wakanyamaza. Mimi, mwanawe kwa nasaba, niliona macho ya wenzangu yamenigeukia, wanataka kujua niko upande gani. Nikasema, kwa sauti ya kutosha kumfikia, "Mwenzetu keshapata gogo."

Sikumtaja. Watu walicheka mpaka kete zikamwagika. Ami hakugeuka. Aliendelea kukanyaga baiskeli yake, mgongo umenyooka, mpaka akakata kona.

Kufikia mwisho wa wiki alikuwa Bwana Gogo. Mkewe akawa mke wa Gogo. Watoto wake skuli wakawa wa gogo. Wengi walioliita jina lile hawakujua nani alilianzisha, nami sikujitaja. Nilijifariji kwa maneno tunayoyajua sote: ni mzaha tu, tena sikumtaja mtu, na kama limemgusa basi ni lake.

Mambo yakazidi kuwa mabaya, na si kwa sababu ya jina. Tarehe 27 Januari 2001, baada ya uchaguzi mwengine wenye mgogoro, maandamano yalikabiliwa kwa risasi, Wete ikiwa miongoni mwa miji hiyo. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba watu wasiopungua 35 waliuawa na zaidi ya 600 kujeruhiwa. Wengine walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Baada ya hapo nani angesimama Wete kumtetea mtu mwenye kadi ile? Jina la Gogo, lililokuwa mzaha, likawa hukumu. Ami alikuwa nyumbani siku ile kama watu wengine, amefunga madirisha, lakini hilo halikuhesabiwa.

Alifariki mwaka 2009, kwa maradhi ya kawaida ya utu uzima. Kuzika ni faradhi ya kutoshelezana: wakifanya baadhi, wengine wamesamehewa. Mtaa wetu ulijisamehe. Jeneza lilibebwa na watu wachache, wengi wao wametoka nje ya mji. Baba yangu alikwenda kumzika ndugu yake. Mimi nilikaa skuli nikisahihisha madaftari, na nakumbuka nilisahihisha mengi sana siku ile.

Miezi michache baadaye, mwezi wa Novemba mwaka huo huo, Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu na kuanza yale tuliyoyaita Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 ikapigwa kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Hapa Wete watu waliokuwa hawajasalimiana tangu 1995 walianza kuendeana harusini na mazikoni. Nilishuhudia wazee wawili wanashikana mikono nje ya msikiti, wote wawili hawajui waanze na neno gani. Ilikuwa furaha ya kweli, na ilimpita ami kwa miezi michache.

Kadi zilibadilika thamani, vyama vikabadilika, na Maalim Seif mwenyewe amefariki mwaka 2021. Jina la Gogo halikufuata siasa. Lilibaki kwa watoto, kama yanavyobaki majina. Wanaomuita mjukuu "wa gogo" hawajui kadi wala baiskeli. Wanajua tu kwamba likitajwa, yeye huinamisha kichwa.

Madrasa, nikiwa na miaka kumi, nilihifadhi Suratul-Hujurat. Aya ya 11 inakataza watu kuwadharau watu, wanawake kuwadharau wanawake, maana huenda wanaodharauliwa wakawa bora, na inakataza kuitana kwa majina mabaya ya kubandikana. Nilikuwa naisoma kwa tajwidi nzuri. Kwa miaka mingi nilidhani inakataza matusi, na mimi sikumtukana mtu. Sasa nikiisoma naona imetenga kabisa dharau na majina, kana kwamba imetujua sisi watu wa barazani, ambao tusi tunaliogopa na jina hatuliogopi.

Jioni ile ya karafuu, wanawake walipokwisha kuondoka, nilibaki. Nikamwambia msichana, mbele ya bibi yake, kwamba jina lile nililianzisha mimi, nikamweleza siku, mahali na sababu, bila ya kusema ni mzaha. Kisha nikamwambia mke wa ami kwamba nimekuja kuomba radhi, na kwamba najua nimechelewa miaka mingi.

Alikuwa anakung'uta jamvi. Akasema, "Nilijua tangu siku ile, mwanangu. Mji huu mdogo."

Nikamuuliza kama ami naye alijua.

"Aliisikia sauti yako. Aliingia ndani, akakaa, akasema jibu analo. Alikuwa hodari wa maneno, ami yako, nyinyi hamkumjua. Nikamwambia basi mjibu, usilale nalo. Akasema, huyu nimemfunza herufi mimi, nikimjibu hatosoma tena."

Nikakaa kimya. Msichana akauliza, "Na jibu lenyewe lilikuwa nini, bibi?"

"Hakuniambia. Kaondoka nalo."

Kisha akaniambia kwamba radhi yake ameshatoa zamani, kwa sababu alichoka kuibeba, lakini yeye hawezi kuitoa ya mtoto. Nikamgeukia msichana nikamuomba. Hakunijibu. Alifunga kitabu chake, akachukua taa, akaingia ndani, na bibi yake hakumrejesha. Mimi pia nisingetaka amrejeshe. Kwa mara ya mwanzo katika habari hii, zamu ilikuwa yake, naye aliitumia anavyotaka.

Skuli kwao nimekwenda. Nilizungumza na mwalimu wa darasa, na kwa idhini yake nikazungumza na wanafunzi kipindi kimoja kizima juu ya neno *taunt*, nikawasimulia habari za Mkama Ndume, Muyaka, Siti, kisha za kijana mmoja kijiweni na baiskeli ya ami yake. Sikuficha kwamba kijana huyo ni mimi. Sijui kama jina litakufa. La Mkama Ndume lina zaidi ya miaka 500.

Juzi msichana alikuja nyumbani na kitabu chake. Alikaa upande wa pili wa baraza, mbali kidogo, akaniuliza neno jengine la Kiingereza. Nililijua, na jibu la haraka nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwambia asubiri, nilifikirie kwanza.